Mkupuo wa Sitini na Moja

Jumanne, 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na masikio hayajazidi. Nilipiga simu Jumapili, ukapokea, ukasema, "Halo, halo, sisikii, nakata," na kweli ukakata. Basi turudi kwenye karatasi. Barua hii naituma kwa ofisi ya vifurushi vya mabasi, nawe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu jirani yako kakwambia nanusa takataka. Jirani hajakosea sana. Hapa kiwandani zinaletwa chupa za plastiki zilizokwisha kutumika, zimebanwa kuwa marobota marefu kuliko mtu. Zinachambuliwa, zinasagwa kuwa vipande vidogo tunavyoviita chenga, kisha chenga zinaoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali. Halafu zinaingia kwenye pipa la joto ambalo hewa yake yote hunyonywa, zinakaa humo saa nyingi ili kila kilichojificha ndani yake kitoke. Maana plastiki inakunywa, Mama. Ukiweka kitu kwenye chupa kinaingia mpaka ndani ya ukuta wake, na kuisuuza hakusaidii. Mwisho wa yote tunapata punje nyeupe, na punje hizo ndizo zinazotengenezewa chupa mpya za maji ya kunywa. Kabla hazijaondoka, lazima zipite mezani kwetu.

Mezani tuko watatu: mimi, Bibie Miwani, na kaka mmoja tunayemwita Mkimya kwa sababu anaongea mno. Tunaletewa punje ndani ya mitungi ya kioo, zimepashwa moto kwenye oveni. Tunafungua kifuniko, tunanusa, tunaandika. Hatupaki manukato, hatuli kitunguu, sabuni yetu haina harufu. Pua ikichoka, kila mtu ananusa kiwiko chake mwenyewe, kisha anaanza upya. Ungetuona ungevunjika mbavu, watu wazima watatu wamejiinamia kwenye viwiko vyao.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita uliletwa mkupuo wa sitini na moja, mifuko kumi na minane ya tani moja moja. Nilifungua mtungi wa kwanza, nikamsikia Kitinda.

Sijui niseme vipi vingine. Ni ile harufu iliyokuwa mdomoni mwa mdogo wangu siku ile nilipomwinua sakafuni. Nilikuwa na miaka tisa, lakini siwezi kuikosea. Nikafunga mtungi, nikanusa kiwiko, nikafungua tena. Yupo. Mtungi wa pili, yupo. Bibie Miwani akanusa akasema safi, Mkimya akasema safi. Mashine ya kupima harufu nayo ikasema safi, ingawa mashine inatafuta yale tu iliyofundishwa: petroli, mafuta ya taa, thina, sabuni, manukato. Tangu siku hiyo ninamsikia kwenye ngazi za kiwandani na kwenye taulo langu. Jana nilimsikia ndani ya glavu mpya ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzivaa. Naogopa, Mama.

Meza yetu ina kanuni. Pua moja inaweza kuzuia mkupuo mzima hata kama nyingine mbili zimepitisha, lakini mwenye pua hiyo lazima aandike jina la anachokinusa. Harufu isiyo na jina haizuii mzigo. Eti zamani palikuwa na mnusaji aliyekuwa akizuia mizigo kila akigombana na mumewe, ndipo wakaweka kanuni hiyo. Nami Januari nilizuia mkupuo mmoja nikaandika thina, ukapimwa mara tatu, hawakukuta kitu. Mkuu wa maabara amenipa mpaka tarehe 17. Nikikosea tena ananitoa mezani, narudi kuchambua vifuniko.

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kuulizwa. Kwenye ile chupa aliyokunywa Kitinda kulikuwa na nini? Najua tunasema ni thina ya Baba, aliyokuwa akizimulia rangi. Lakini thina ninayo hapa kwenye rafu ya mifano, mtungi wa nne, naijua kama ninavyojua jina langu. Hii si thina. Ina utamu kwanza, halafu nyuma ya utamu kuna kitu kama kitunguu saumu kilichooza. Niambie tu ilikuwa nini, nami nitajua la kufanya.

Mwanao,
Kifungua

*

Jumatatu, 10 Machi

Kifungua mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa, masikio ndiyo hayo, yameniaga. Juzi mwenye duka kaniuliza nataka sukari kiasi gani, mimi nikamjibu, "Mzima, sijui wewe." Watu dukani wamecheka mpaka nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini.

Kazi yako nimeielewa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unajua nani kaketi kitini kabla yako, ukawa unatutia aibu mbele ya wageni. Mungu kakupa pua na wewe umeipatia mshahara, basi mshukuru.

Kuhusu lile uliloniuliza. Ilikuwa thina. Baba yako alikuwa anaiweka kwenye chupa ya soda pale dirishani, wote tuliiona. Majirani walipoingia waliikuta sakafuni, imelala, kifuniko kimetoka. Daktari aliandika thina. Ni mambo ya miaka ishirini na miwili, unayafukua ya nini? Wewe unanusa majonzi tu. Hata mimi huwa namsikia anavuta kile kiti chake jikoni, na masikio haya hayasikii honi ya lori. Simwambii mtu. Nawe usiwaambie hao wa kazini, wasije wakakuona umechanganyikiwa. Weka sahihi yako kama wenzako walivyoweka, ule, ulale.

Kabati langu la chumbani limeingia mchwa. Fundi anataka vyote vitolewe, lishushwe, lipigwe dawa. Nimemkatalia. Akaniuliza, "Mama, kuna nini humo?" nikajifanya sikusikia. Uziwi nao una faida zake.

Mama yako

*

Jumatatu, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimeweka sahihi leo saa nne asubuhi.

Mkuu alisimama nyuma yangu. Nilinusa mtungi wa mwisho, Kitinda alikuwepo, nikamwambia moyoni, "Mama amesema si wewe," nikaandika SAFI. Mkimya akanipiga bega. Bibie Miwani akanipa peremende isiyo na harufu, ambayo ndiyo peremende mbaya kuliko zote duniani. Saa sita mifuko ilikuwa imepakiwa kwenye malori. Inakwenda kwa watengenezaji wa chupa ndogo za robo lita, zile zenye picha ya samaki anayecheka, ambazo watoto wa shule za awali wanagawiwa na chakula cha mchana.

Umeniambia ule na ulale. Kula nakula. Lakini tangu saa nne ile harufu imenihama puani ikahamia mkono wa kulia, huu nilioandikia. Nimeuosha mpaka umechubuka.

Kama ni thina, basi angalau nilimwambia Baba haki yake. Sikukueleza hili vizuri. Siku nilipomaliza chuo alikuja, hakuna aliyemwalika, amevaa viatu vyake vyenye madoa ya rangi. Nikamkuta getini na wenzangu wote wako pale. Nikamwambia, "Thina yako inanuka mpaka hapa." Akaangalia viatu vyake. Akageuka akaondoka. Ni miaka kumi na moja sasa. Kila mwaka huniandikia barua moja, na kila mwaka nairudisha bila kuifungua. Kuna wakati nasikia vibaya kwa jambo hilo, halafu nakumbuka dirisha lile na chupa ile, nakuwa na nguvu tena.

Kifungua

*

Ijumaa, 21 Machi

Kifungua,

Chupa ngapi? Hao watoto wana umri gani? Na sahihi ikishawekwa, haifutiki? Nijibu kwa basi la kwanza.

Mama

*

Jumanne, 25 Machi

Mama,

Barua yako imenishtua kwa ufupi wake, wewe ambaye huandika ukurasa mzima juu ya paka wa jirani.

Mfuko mmoja unatoa chupa elfu themanini hivi. Mifuko ni kumi na minane, zidisha mwenyewe. Watoto wana miaka minne mpaka sita. Hapana, hakuna atakayeanguka, kama hilo ndilo unaloogopa. Kama kitu kipo ni kidogo mno, na pipa letu limeondoa sehemu kubwa. Lakini mtoto anainywea kila siku, tena mwaka mzima, na kwenye kila mfuko tumeandika "salama kwa chakula." Maneno hayo ndiyo kazi yetu. Kama si kweli, basi hatufanyi kitu humu.

Sahihi inafutika kama aliyeiweka ataandika jina.

Kwa nini unauliza, Mama?

Kifungua

*

Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara sita. Kwenye kifurushi utakuta chupa nimeifunga kwa vitambaa vitatu. Usiifungulie chumbani kwako.

Ndiyo chupa yenyewe. Haikuwa thina.

Mwaka ule kunguni walikuwa wametumaliza. Ulikuwa unakwenda shule na alama shingoni, mwalimu akaniita akaniaibisha. Mchuuzi mmoja akapita na dawa, akaniambia ni dawa ya shambani ya kuulia wadudu wa mimea, lakini kunguni wakiguswa nayo hawalioni jua la kesho. Hakuwa na chombo, akanimiminia kwenye chupa ya soda niliyokuwa nayo. Nikapiga nusu ya vitanda siku hiyo, nyingine nikaiweka chini ya kitanda changu kwa ajili ya kesho yake. Sikumwambia baba yako, maana alikuwa amenikataza dawa za wachuuzi. Sikukwambia wewe. Nilijua ninyi watoto hamwingii chumbani kwangu.

Ulipopiga kelele nilikuwa uani. Nilipoingia nilimwona Kitinda, nikaiona chupa yangu iko mkononi mwake. Nikaichukua. Sijui kwa nini ndilo jambo la kwanza nililofanya, kuchukua chupa badala ya kuchukua mtoto. Nikaitupia kabatini chini ya nguo. Ile ya baba yako ilianguka dirishani nilipokuwa nakimbia naye kutoka nje, mimi ndiye niliyeigonga kwa kiwiko. Majirani wakaingia wakaiona, wakaanza kusema thina, thina.

Hospitalini daktari akaniuliza kama ulivyoniuliza wewe. "Amekunywa nini, mama?" Jirani akajibu kwa niaba yangu, thina. Daktari akaniangalia mimi. Nikasema ndiyo, thina. Nilidhani sumu ni sumu na dawa yake ni moja. Baadaye, akiwa ameshafunikwa, nikamsikia muuguzi akimwambia mwenzake, "Alivyokuwa anatokwa na mate vile, ningesema ni dawa ya wadudu. Hiyo ina sindano yake." Nikalisikia neno hilo kwa masikio yaliyokuwa mazima. Tangu siku hiyo sikutaka kusikia kingine, na nadhani Mungu amenikubalia.

Chupa sikuitupa. Nilishindwa. Niliogopa mtoto mwingine angeiokota, kisha ikawa ni mazoea, kisha ikawa ndicho kitu cha mwisho alichokishika. Nimeisuuza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba plastiki inakunywa. Niliposoma maneno hayo katika barua yako ya kwanza niliketi chini, na bado nikakudanganya.

Ulinipa nafasi ya pili ya kusema jina, nikasema lilelile. Safari hii ni watoto wa watu. Ndiyo maana nimeituma.

Sikuombi kitu.

Mama yako

*

Ijumaa, 11 Aprili

Mama,

Shikamoo, kwa sababu mkono umezoea kuandika hivyo.

Kifurushi nilikipokea Ijumaa iliyopita asubuhi. Sikukifungulia chumbani. Nilikwenda nacho mezani, nikawaambia Bibie Miwani na Mkimya kwamba nina mfano wa rafu, sikuwaambia umetoka wapi. Tukakata kipande kidogo cha chupa, tukakiweka kwenye mtungi, tukakipasha moto. Nikawapa wao kwanza. Bibie Miwani akanusa, akavua miwani. Mkimya akanusa, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Nikawapa mtungi wa mkupuo wa sitini na moja tuliokuwa tumeuhifadhi. Wakanusa viwiko, wakanusa mtungi, wakanusa viwiko tena. Bibie Miwani akasema, "Yupo." Alisema hivyo hivyo, Mama, yupo, na mimi sikuwa nimewahi kumwambia kwamba namwita mtu.

Tuliipeleka kwenye maabara kubwa yenye mashine inayoweza kufundishwa. Ni dawa ya zamani ya mashambani, imekatazwa siku nyingi, lakini bado watu wanaimiminiana kwenye chupa za soda. Marobota ya mkupuo ule yalitoka sehemu yenye mashamba makubwa. Chupa zao ziliingia kwetu pamoja na nyingine. Kumbe walikuwa wengi waliofanya kama ulivyofanya wewe.

Niliandika jina. Sahihi yangu ikafutwa siku hiyohiyo. Mifuko kumi na minne ilikuwa haijaguswa, imerudi. Minne ilikuwa imeshakuwa chupa. Nyingi zilikuwa bado ghalani, lakini sehemu ilikuwa imeshajazwa maji na kwenda mashuleni. Mkuu, sitamsema vibaya tena, amepanda lori mwenyewe kuzikusanya. Mimi na Mkimya tulipewa shule saba.

Katika shule ya tano palikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, ameishika chupa kwa mikono miwili, anakunywa huku ananiangalia kwa juu yake. Nikamwomba. Akaninyima. Nikapiga magoti nikamwomba tena, akaificha nyuma ya mgongo. Mwalimu ndiye aliyembembeleza mpaka akaiachia. Nikainama nikamnusa mdomoni, mbele ya darasa zima, watoto wakacheka. Alikuwa ananuka maziwa. Nilitoka nje nikalia mpaka Mkimya akaja kuniinua.

Chupa elfu tatu na mia mbili hazijulikani ziliko. Wanasema kiasi chake ni kidogo, na mimi naamini. Lakini nikipita mahali palipo na watoto natazama mikono yao.

Sasa wewe. Nimekaa siku tano nikitafuta la kukuandikia. Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika, na hasira hazina pa kwenda kwa sababu nikifumba macho nakuona umekaa kwenye benchi la hospitali, una miaka pungufu ya yangu ya leo. Daktari aliuliza, Mama. Aliuliza na akakuangalia. Siwezi kukuvusha hapo, na wewe hukuniomba, na hilo angalau nakushukuru.

Lakini kuna mtu amebeba chupa yako miaka ishirini na miwili, na mimi nikamtia aibu getini kwa ajili yake. Mwandikie Baba. Mwandikie wewe. Sitakufanyia kazi hiyo.

Kifungua

*

Jumapili, 4 Mei

Kifungua binti yangu,

Mama yako ameniandikia. Barua ina kurasa nne, nimeisoma mara moja. Kisha nikaenda kumalizia ukuta wa mtu, maana rangi ilikuwa imeshakorogwa na ingekauka. Sasa nimerudi, nimenawa, nimekaa. Nakuandikia wewe kwa kuwa mwandiko wako wa anwani naujua vizuri, umeniandikia mara kumi na moja "Irudishwe kwa mwenyewe."

Nilijua.

Siku ile waliniita kazini. Nilifika hospitali nina brashi mkononi, wameshamfunika. Nikamfunua. Nikainama nimbusu, nikamnusa. Hiyo pua uliyonayo hukuiokota barabarani, mwanangu. Mimi thina nimevuta maisha yangu yote, ningeijua hata ningekuwa nimekufa mimi. Kitinda hakuwa na thina. Alikuwa na harufu iliyokuwa chumbani kwetu tangu jana yake, kwenye godoro, ambayo mama yako aliniambia ni dobi amebadilisha sabuni.

Utauliza kwa nini sikusema. Hapo hapo walikuwa wameshasema thina, polisi wameandika thina, ndugu wamenipa mgongo. Nikamtazama mama yako. Nikaona kwamba nikisema, au watamchukua, au atajichukua mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka tisa, umekaa sakafuni umeshika kiatu cha mdogo wako. Ungebaki na nani? Na mimi, fundi rangi, naondoka alfajiri narudi jioni?

Lakini usinifanye mtu mwema. Nilikuwa namngojea aseme. Nilisema moyoni, aniambie mimi tu, ndani, mlango umefungwa, basi, nitabeba na tutabeba. Nilingoja mwaka mzima. Kila nikirudi nanawa, nakaa mezani, namtazama. Chupa niliiona kabatini mwezi wa pili wa kungoja, nikairudisha kama ilivyokuwa. Mwisho nikamuuliza, "Mke wangu, una neno la kuniambia?" Akasema, "Chumvi imekwisha."

Nikaenda dukani nikanunua chumvi. Nikaiweka mezani. Nikachukua brashi zangu nikaondoka.

Ya getini niliyasahau siku ileile. Si kweli, sikuyasahau, lakini nilijua unamwambia mtu mwingine ambaye hayupo. Barua zako kumi na moja ninazo. Hazina kitu kikubwa, nilikuwa nakueleza rangi za nyumba za watu. Ukitaka nitakuletea.

Mama yako ananiomba msamaha. Mwambie sina neno. Hapana, usimwambie hivyo, ninalo. Mwambie barua imefika.

Baba yako,
Fundi Rangi

*

Jumatatu, 12 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua ya Baba naiweka humu ndani kama ilivyo. Isome ukiwa umekaa.

Nilipoimaliza niliinusa karatasi. Inanuka thina. Nimeilalia.

Mkuu ameomba ile chupa ibaki kwenye rafu ya mifano, ili wanusaji wapya wafundishwe nayo na mashine pia ifundishwe. Kila mtungi una karatasi yenye mistari miwili, jina la harufu na mahali ilipotoka. Jina nimeshaliandika. Mstari wa pili nilikaa nao siku nzima, kisha nikaandika: "Nyumbani kwetu. Mtoto wa miaka minne." Bibie Miwani alisoma, akanitazama, akaenda kunusa kiwiko chake bila sababu.

Simsikii tena kwenye ngazi. Nilidhani ningefurahi. Leo nilifungua mtungi wake, ambao sasa ni wa kumi na mbili kwenye rafu, bila kazi yoyote, nikasimama nao.

Baba anakuja Jumamosi ya tarehe 24 na hizo barua. Kiti cha tatu ninacho.

Kifungua

*

Jumatatu, 19 Mei

Mwanangu,

Nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nikasimama, kisha nikakaa tena.

Alijua. Nilikuwa namficha mtu aliyekuwa ananitazama. Mwaka mzima nilipika, nikapakua, nikasema leo kuna upepo, leo kuna vumbi, na yeye ananawa mikono ananingoja. Siku aliyoniuliza, neno lilikuwa limefika hapa, kooni. Nilifungua mdomo ikatoka chumvi. Tena haikuwa imekwisha. Ilikuwepo ya kutosha.

Nilimruhusu fundi, kabati limeshushwa. Mchwa walikuwa wameshakula ubao wote wa nyuma, mbele lilikuwa zima kabisa. Nilipokuwa natoa vitu nikaikuta ile pakiti aliyoiacha mezani. Sikuwahi kuifungua, na miaka yote hiyo nilikuwa nanunua nyingine. Imekuwa jiwe.

Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa. Nikifika sitasikia atakachosema, kwa hiyo mwambie aandike, au akae karibu anitazame kama zamani. Pakiti yake ninakuja nayo.

Mama yako